Kabla Hujapakia Picha za Darasa, Tafuta Mlango wa Kutokea

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Kazi imenibana, na kila nikisema leo nitaandika, mteja anapiga simu. Lakini Jumamosi iliyopita nilipewa kazi isiyo na malipo ambayo imenifundisha kuliko nyingi zenye malipo, na nimeona nisikae nayo peke yangu.

Mpwa wangu yuko Gredi ya 8 katika shule moja ndogo huku Eastlands. Mwalimu wao amewapa kazi ya vikundi: kila kikundi kichague mtaa mmoja wa upande huu wa Nairobi, kipige picha, kitafute historia yake, kisha kiwasilishe mbele ya darasa kwa slaidi. Kikundi kimoja kimechukua Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Kingine kimechukua Buruburu, ulioanza kujengwa miaka ya 1970. Kikundi cha mpwa wangu kimechukua Dandora, na kimeamua kuzungumzia jaa la taka lililoanza kutumika mwaka wa 1975, likatangazwa kwamba limejaa mwaka wa 2001, na bado likaendelea kupokea malori miaka mingi baadaye. Mimi nilifurahi. Ni kazi ambayo ningependa kupewa nilipokuwa na umri wao.

Basi mwalimu akasikia kwamba anko wa mtoto huyu ni mtu wa kompyuta. Akanitumia ujumbe: "Anko, habari? Tafadhali tusaidie kuchagua tovuti ya kuweka picha na kutengeneza slaidi. Iwe ya bure na isiwe ngumu."

Nikamjibu, "Salama, Mwalimu. Nipe Jumamosi moja."

Nilidhani nitamaliza kabla ya chakula cha mchana. Nilimaliza usiku, nikiwa nimeshamwomba mtu msamaha. Nitafika huko.

Niliamua kufanya jaribio jinsi mambo yalivyo shuleni, si jinsi ningependa yawe. Shule ina laptopu moja ya zamani yenye RAM ya GB 4, projekta moja, na intaneti inayotoka kwenye simu ya mwalimu. Bando ananunua mwenyewe. Kwa hiyo sikugusa intaneti ya ofisini. Nilitoa laptopu yangu kuukuu kabatini, nikawasha hotspoti ya simu, nikanunua bando, nikaketi mezani na mpwa wangu.

Tatizo la kwanza lilijitokeza hata kabla sijafungua tovuti yoyote. Kikundi kilikuwa na picha 24 na kila moja ilikuwa na takriban MB 3.5. Zidisha, unapata MB 84. Hicho ni kikundi kimoja. Darasa lina vikundi sita, kwa hiyo ni karibu MB 500 za kupakia tu, kabla mtu hajaandika hata sentensi moja, na zote zinatoka mfukoni mwa mwalimu.

Sasa angalia upande wa pili. Projekta nyingi za zamani huonyesha pikseli 1024 kwa 768. Ukizidisha hazifiki hata laki nane. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina pikseli milioni 12, yaani mara kumi na tano ya zile zitakazoonekana ukutani. Mwalimu analipia bando la pikseli kumi na tano ili darasa lione moja! Nilizipunguza picha zote hadi upana wa pikseli 1280, zikashuka hadi karibu KB 250 kila moja. Zote 24 zikawa MB 6. Nikamwonyesha mpwa wangu za awali na zilizopunguzwa kwa ukubwa wa projekta, nikamuuliza zipi ni zipi. Akakisia, akakosea.

Kwa hiyo hata kama hutasoma zaidi ya hapa, chukua hilo: punguza picha kabla ya kuzipakia. Photopea, kwa mfano, inafunguka ndani ya kivinjari lakini kazi inafanyika kwenye kompyuta yako mwenyewe, picha haitumwi kwenye seva ya mtu. Simu nyingi pia zina namna ya kupunguza ukubwa wa picha.

Haya, tuje kwenye vyombo vyenyewe. Nilivipitia vinne.

Google Slides. Uzuri wake mkubwa ni kwamba watoto watatu wanaweza kuandika kwenye faili moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa kwao, na kila mmoja anaona mwenzake amebadilisha nini. Inaweza kufanya kazi bila mtandao kama uliiandaa mapema kwenye kivinjari cha Chrome. Na kazi yako unaweza kuitoa ikiwa faili ya PowerPoint, ya ODP au ya PDF. Lakini ili mwalimu ajue nani ameandika nini, kila mtoto anahitaji akaunti, na Google kwa kawaida inataka mwenye akaunti awe ametimiza miaka 13. Aliye chini ya hapo anahitaji akaunti inayosimamiwa na mzazi au na shule. Kwenye Gredi ya 6 au ya 7 wengi hawajafika.

Canva. Hii ilizinduliwa Australia mwaka wa 2013, na ndiyo mpwa wangu aliyoichagua kabla sijamaliza kuifungua. "Iko fiti, anko." Na kweli iko fiti. Mifano iliyo tayari ni mingi na mtoto asiyejua kupanga rangi anatoka na kitu cha kupendeza. Wana mpango wa bure kwa walimu wa shule ambao wamethibitishwa, na mwalimu ndiye anayewaalika wanafunzi. Kazi inatoka kwa PDF au kwa PowerPoint. Kumbuka tu, na hili ni kwa chombo chochote, kwamba ukihamisha slaidi kutoka programu moja hadi nyingine maandishi yanaweza kusogea, kwa sababu aina ya herufi uliyotumia huenda haiko kwenye kompyuta ya pili.

Prezi. Ilitoka Hungary mwaka wa 2009 na iliwashangaza watu kwa sababu badala ya slaidi zinazofuatana unapewa uwanja mmoja mpana, unasogea na kukaribia. Kwa kueleza ramani ya mtaa ni tamu. Lakini kwa miaka mingi mpango wake wa bure uliweka mawasilisho hadharani, mtu yeyote ayaone. Kwa hiyo ukiitumia, soma kwanza mpango uliomo unasema nini kuhusu nani anaona kazi yako.

LibreOffice Impress. Hii si ya mtandaoni, na niliiweka makusudi ili tulinganishe. Ni programu huria, ya bure, inakaa kwenye laptopu kuukuu bila malalamiko, na faili yake ya ODP ni ya kiwango cha kimataifa ambacho programu nyingine pia zinaisoma. Haina madoido ya Canva. Watoto hawawezi kuifanyia kazi pamoja kutoka nyumbani. Lakini bando likiisha, haijui kwamba limeisha.

Kama ningeishia hapo ningempa mwalimu jibu rahisi: chukua Canva, watoto wanaipenda. Lakini mimi ni mtu wa programu, na swali ninalouliza kila nikipewa mfumo mpya si "unafanya nini?" Swali ni "siku nikitaka kuondoka, nitaondokaje?"

Wakubwa wangu mnaosoma hapa mnajua ninachozungumzia. Kuna wakati kila mtu aliambiwa aweke picha zake Picasa. Google iliifunga Picasa mwaka wa 2016. Flickr ilikuwa ndiyo nyumba ya picha duniani. Mwaka wa 2018 ilinunuliwa na SmugMug, na mwaka huo huo ikatangaza kwamba akaunti za bure zitakuwa na mwisho wa picha 1,000, zinazozidi zifutwe. Photobucket mwaka wa 2017 ilibadilisha masharti, na picha ambazo watu walikuwa wamezionyesha kwenye kurasa zao kwa miaka zikapotea mara moja, labda walipe dola 399 kwa mwaka. Google Photos ilipokuja mwaka wa 2015 iliahidi nafasi isiyo na mwisho kwa picha zilizopunguzwa ubora kidogo. Tarehe 1 Juni 2021 ahadi hiyo ilikoma na sasa picha zinahesabiwa kwenye GB 15 za bure pamoja na barua pepe zako. Adobe iliacha kuihudumia Flash mwishoni mwa 2020, na mawasilisho ya zamani ya Prezi yalikuwa yamejengwa juu ya Flash. Jamboard, ubao wa Google ambao walimu wengi waliuzoea wakati wa Korona, ulifungwa mwishoni mwa 2024.

Simlaumu yeyote hapo. Hizo ni kampuni, zina wanahisa na zina hesabu zao. Kitu cha bure ni cha bure mpaka mwenyewe abadilishe nia. Lakini shule si kampuni. Kazi ya mtoto wa Gredi ya 8 inapaswa iweze kufunguliwa akiwa Gredi ya 12, na mtoto anayekuja nyuma yake aione na aongezee. Historia ya Kaloleni haitakiwi kufungwa kwa sababu mtu fulani California amefunga ofisi.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza: kazi ya mtoto lazima iweze kutoka, nzima, kwa aina ya faili ambayo programu nyingine inaisoma. Na usingoje siku ya mwisho kujaribu. Itoe siku ya kwanza, ukiwa na slaidi mbili tu, uone inatokaje.

Nilikuwa nimeridhika sana na sharti hilo. Nilikuwa hata nimeanza kumwandikia mwalimu. Ndipo kosa langu likatokea.

Katikati ya jaribio nilitengeneza albamu mtandaoni, nikaweka zile picha 24 za awali, nikachagua kwamba yeyote mwenye kiungo anaweza kuiona. Sitaitaja tovuti kwa sababu yenyewe ilifanya nilichoiambia. Nikampa mpwa wangu kiungo aangalie albamu inavyoonekana kwenye simu ya mama yake. Yeye kwa furaha akakituma kwa wenzake wa kikundi. Mmoja wao akakipeleka kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa. Hiyo ilikuwa saa tisa alasiri. Saa kumi na moja mwalimu akanipigia simu.

Miongoni mwa picha hizo kulikuwa na moja ya wasichana wanne wenye sare, wamesimama langoni mwa shule wakicheka, jina la shule likisomeka juu ya vichwa vyao. Mama wa mmoja wao alikuwa amempigia mwalimu. Mama huyo alimhamishia mtoto wake hapa mwaka jana kwa sababu kuna mtu ambaye hataki ajue mtoto anasoma wapi. Sikuuliza zaidi, hayakunihusu. Mwalimu aliniambia tu kwamba mama alikuwa halalamiki kwa sauti. Aliuliza swali moja: "Nani aliniuliza?"

Hakuna aliyemuuliza. Mwalimu hakujua kwamba picha zimetoka. Mpwa wangu ana miaka 13. Mtu mwenye digrii ya sayansi ya kompyuta katika habari hii ni mimi.

Nilifunga kiungo dakika ile ile. Lakini kufunga kiungo kunazuia wanaokuja, hakurudishi nakala zilizokwisha kupakuliwa. Kisha nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya asubuhi, nikaangalia data iliyofichwa ndani ya faili ya picha ile. Ilikuwa na tarehe, saa, aina ya simu, na latitudo na longitudo ya mahali ilipopigwa. Ukiziweka kwenye ramani unafika langoni. Ni jambo la kawaida: simu nyingi huandika mahali ndani ya picha kama kamera imeruhusiwa. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida data hiyo huondolewa, lakini ukiituma kama dokumenti inakwenda nayo, na ukiipakia ya awali mahali pengine inaweza kwenda nayo pia.

Nilimwambia mwalimu, "Kosa ni langu, Mwalimu. Naomba unifikishie radhi kwa mama." Akasema atafikisha. Baadaye alinijulisha kwamba mama amesema asante kwa kuifunga haraka. Hakusema hakuna shida, na mimi sitasema hivyo kwa niaba yake.

Kama unadhani nalikuza jambo, sheria yetu haidhani hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, kifungu cha 33, inasema data ya mtoto isishughulikiwe bila ridhaa ya mzazi au mlezi, na iwe kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, papa hapa Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Milioni nne na nusu. Shule ndogo za mitaa yetu hazilipi faini kama hiyo, zinafunga milango.

Hapo ndipo nilipopata sharti la pili, na kwangu sasa ndilo linalotangulia: sura ya mtoto isiingie mtandaoni mpaka mwenye mtoto aseme ndiyo. Faili ya slaidi ikikwama ndani ya tovuti tunapoteza kazi ya wiki mbili. Sura ya mtoto ikitoka, hakuna kitufe cha kuirudisha.

Najua kuna atakayesema, "Wewe jamaa unatutisha. Watoto hawa watakwenda kufanya kazi kwenye ulimwengu wa Canva na Google, unataka warudi kwenye chaki?" Hapana. Mwezi wa Machi 2020 shule zote zilipofungwa, aliyekuwa amezoea vyombo vya mtandaoni aliendelea kusoma na asiyekuwa navyo alikaa tu. Sitaki mtoto wa Dandora aachwe tena. Na ule uwezo wa kuandika pamoja kwenye faili moja ni shule ya ushirikiano ambayo Impress haiwezi kuwapa. Ninachosema ni kwamba mwalimu asichague chombo kwa uzuri wake wa mbele peke yake. Aangalie kinavyopokea na kinavyotoa.

Tulivyokubaliana na mwalimu ni hivi:

1. Kila picha inapunguzwa kabla ya kupakiwa, na mahali ilipopigwa kunafutwa. Bora zaidi, mahali kuzimwe kwenye kamera kabla ya kwenda kupiga.

2. Picha ni za mtaa, si za wanafunzi. Nyumba, barabara, soko, malori. Kama lazima mtoto aonekane, apigwe kwa nyuma au mikono yake ikifanya kazi. Sare na lango la shule visionekane.

3. Sura ikihitajika, kuna karatasi ya ridhaa inayokwenda kwa mzazi, yenye kusema picha ni ipi, itawekwa wapi na itaondolewa lini. Mzazi asiporudisha karatasi, jibu ni hapana.

4. Kikundi kinaandika kwenye Google Slides, ndani ya akaunti ambazo shule inazisimamia. Kiungo ni cha watu waliotajwa kwa barua pepe zao, si cha "yeyote mwenye kiungo". Anayetaka madoido ya Canva ayapate kupitia mwaliko wa mwalimu.

5. Siku mbili kabla ya kuwasilisha, kazi inatolewa kwa ODP na kwa PDF, inawekwa kwenye flashi mbili, moja kwa mwalimu na moja kwa kikundi. Darasani inaonyeshwa kwa Impress bila mtandao. Stima ikipotea, PDF inapelekwa saiba, inachapishwa, na mtoto anasimama na karatasi.

Unaona hakuna chombo hata kimoja nilichokitupa. Kila kimoja kimepewa sehemu anayoiweza.

Mpwa wangu hakufurahi kuambiwa picha ya langoni inatoka. Alisema ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, na kwa kweli ilikuwa nzuri. Nikamweleza sababu, kwa kiasi ambacho mtoto anaweza kuambiwa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa anko, na zile ambazo mama ameweka Facebook tangu nikiwa mdogo?"

Hilo sikuwa na jibu lake. Nimemwachia mama yake.

Kikundi kinawasilisha wiki ijayo. Walimu mnaosoma hapa, hebu niambieni: shuleni kwenu mnaomba ridhaa ya wazazi kabla ya kupakia picha, au mnapakia tu na kuomba Mungu? Na kazi za wanafunzi wa mwaka jana, mnaweza kuzifungua leo?

Tuonane tena, wiki hii isiponibana.